Picha ya Mlangoni kwa Fundi Miwani

Sogeeni, wanangu, mniinue kidogo, maana leo pumzi naipata kwa taabu na sitaki kuanza maneno nitakayoshindwa kuyamaliza. Wewe kifungua mimba wangu, zima redio. Na wewe kitinda mimba, kaa hapa kitandani, acha kujifanya unakunja nguo. Mengi ya leo ni yako.

La mali ni fupi. Duka la miwani ni la kaka yenu, ndiye aliyeinama nami pale miaka yote mpaka akaharibu mgongo, ila chumba cha nyuma na kodi yake ni cha huyu dada yake kitinda mimba, na asitokee mtu akasema eti mwanamke akishaolewa ana kwake. Nyumba hii msiiuze kwa hasira. Mkigombana, gombaneni humu humu ndani mpaka mchoke. Na yule mpiga picha aliyepata jina kubwa kwa sura zetu, msimwendee na wakili. Sina kinyongo naye hata chembe, alitupa zaidi ya alichochukua.

Sasa hiyo picha yenyewe. Mmeiona kwenye kalenda, kwenye kadi za harusi, kwenye kuta za saluni: kijana ameushika uso wa msichana kwa mikono miwili, nje, watu wakipita, msichana amefumba macho na chozi linamteremka shavuni. Wewe, mwanangu, umekua ukiitazama sebuleni, na tangu urudi hapa na sanduku lako nimekusikia ukimwambia jirani kwamba mumeo ni mtu mwema, hanywi, hakupigi, lakini hajawahi kukutazama kama baba alivyomtazama mama. Nilinyamaza kwa sababu mama yenu, Mungu amrehemu, kila nilipotaka kuwaeleza alinikonyeza, akisema niwaache mfurahi. Leo nitamwasi.

Sikilizeni basi. Siku ile hata jina lake sikulijua. Alikuwa mpanga barua wa posta, macho yamemchoka, daktari ametoka kumtia yale matone yanayotoa machozi hovyo, naye akapitia kwetu kuchukua miwani yake. Umeme ulikuwa umekatika, na bosi wangu alishatuonya kwamba fremu haipindwi gizani, kwa hiyo nikamtoa nje kwenye mwanga kama tulivyowatoa wateja wote. Fundi kabla hajapinda vishikio hupapasa kwanza nyuma ya masikio, aujue mfupa ambapo kishikio kitakaa, maana ukibahatisha, mtu ataumwa kichwa wiki nzima na kukulaani wewe. Miwani yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu. Alifumba macho kwa kuwa vidole vyangu vilimtekenya. Na huo mtazamo wangu mnaousifu, jamani, nilikuwa nimeona sikio la kushoto limepanda juu kuliko la kulia, nikawa nawaza, leo nimepatikana.

Picha ikatoka gazetini. Yule msichana akaja dukani na kaka zake wawili, wamevimba kwa hasira, nikaeleza wee, wapi, hawakunielewa, ikabidi nimtoe yule mkubwa hadi barabarani nimshike kichwa vilevile mbele ya kadamnasi, na mama yenu akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Tangu hapo tukipishana mjini watu wanatuuliza harusi lini, tukaanza kunywa chai pamoja ili tupate kuwacheka vizuri. Siku moja akaniambia, "Watu wameshatuozesha. Tumebaki sisi wawili tu." Basi tukaoana, tukiwa tunapendana hivi hivi, wastani.

Mnataka kujua nilimpenda lini? Marehemu mama yangu alikuwa kwetu, hajiwezi, na mkali kama pilipili, hakuna nesi aliyemmudu. Nikarudi kutoka kazini nikamkuta mke wangu amepiga magoti anamkata kucha za miguu, wanagombana na kucheka papo hapo, wala hawakujua kama niko mlangoni. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikashindwa kuingia. Hapo ndipo nilipomtazama mwanamke, mwanangu, na hapakuwa na mtu wa kupiga picha. Namshukuru Mungu kwa siku ile na kwa zote zilizofuata. Sina nilichonyimwa.

Ngojeni... nipumue kidogo.

Sasa wewe. Unadhani ni nani anayeniogesha? Kaka yako hawezi kuinua hata ndoo. Ni mumeo. Kila alfajiri kabla hajaenda kwenye kazi yake ya mabomba anapitia mlango wa nyuma, ananibeba, ananiosha, ananivisha, anaondoka wewe hujaamka. Mwanzoni tulioneana haya, mtu na mkwewe, yeye anatazama ukuta, mimi natazama dari. Siku hizi tunapiga soga. Nilimuuliza kwa nini hataki ujue. Akanijibu, "Baba, akijua ataona namhonga ili arudi."

Sikulazimishi. Moyo ni wako, na nyumba hii ni yako pia. Lakini kama unamwacha, mwache ukiwa unamjua.

Mungu awaweke, wanangu. Awape kazi ya mikono na vicheko mezani, na mtakaowalea wawatunze kama mlivyonitunza. Nimeshukuru... jamani, nimeshukuru sana.

Kesho amka mapema, mwanangu, umfungulie mumeo mlango wewe. Na akinikuta nimeshatangulia, anioshe yeye, msiite mtu mwingine... mgongo wangu anaujua. Wewe umshikie beseni. Usimwambie kitu... mtazame tu.