Ugonjwa wa Rafiki Yake Cheti

Pale Kaptembwo, kando ya karakana ya kuchomelea mageti, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa daktari, wakili wala mtabiri. Linayemkosa ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Salmin huuzia kahawa ya tangawizi hapo, na jioni hiyo wateja wake walikuwa watatu: Maxwel muuza mitumba, aitwaye Profesa, Kipyegon fundi wa stima, aitwaye Waya, na Kahiga, ambaye hapo benchini huitwa Cheti. Jina alilipata kwa ajili ya mtoto aliyemzaa huko Karagita kabla hajaoa, ndiye cheti chake cha uanaume. Kila walipomuuliza mbona mkewe Linah hashiki mimba, Kahiga alimtaja mtoto huyo, na lawama zote zikamwangukia Linah. Leo alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Niko na rafiki yangu, akaanza. Amepimwa. Mbegu dhaifu, halafu akapatikana na virusi. Inaitwa HPV. Ni ya kitandani.

— Ako na mtoto? Waya akauliza.

— Ako naye. Wa zamani.

— Basi hospitali imekosea. Mtu akishazaa, ameshazaa.

Profesa akakohoa, ishara kwamba methali iko njiani.

— Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyo rafiki yako hulala na suruali?

Wakacheka. Kahiga naye akacheka.

— Mimi nawaambia ni maji ya hapa Nakuru, Profesa akaendelea. Kama inaharibu meno, na jino ni mfupa, mbegu itapona?

— Wacha maji, Waya akasema. Ni kiti ya boda. Ikishika moto, virusi inatoka kwa abiria wa kwanza inaingia wa pili.

— Basi wewe umeisha, Profesa akamwambia. Kila siku uko kwa boda!

— Kwani kuna dawa? Waya akauliza.

— Aende Bogoria, akae kwa ile maji ya moto. Kama inachemsha mayai, virusi ni nani?

— Lakini yai la kuchemsha halitoi kifaranga, Salmin akasema huku akimimina.

Kahiga hakucheka tena.

— Daktari alisema hiyo kitu haiumi. Unaweza kukaa nayo miaka na hujui. Hata hana hakika kama ndiyo imeharibu mbegu. Lakini kwa mwanamke inaweza kuleta kansa ya mlango wa kizazi. Akasema bibi apimwe haraka.

— Haraka haraka haina baraka, Profesa akajibu. Anyamaze. Anywe mitishamba pole pole. Bibi akijua, mtaa mzima umejua.

— Na hapo uanaume umeenda, Waya akaongeza.

Ushauri huo ndio Kahiga aliokuwa ameufuata pale, na sasa alipoupata ulimtisha kuliko kirusi chenyewe. Linah alikuwa ameanza kutoka damu siku zisizo zake. Mama yake Kahiga alisema ni ile mizizi aliyomletea, kwamba tumbo linasafishika, amalize. Na Linah alikuwa akiinywa, asubuhi na jioni, akikunja uso, ili ampe mumewe mtoto.

Hapo akafika Kuluthum, mama aliyefungua kibanda cha nguo jirani wiki hiyo, akitaka kahawa. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu wanaume wa benchi lile hawajui kunong'ona.

— Samahani wazee. Huyo bibi ya rafiki yenu, yeye anajua?

Salmin akajishughulisha na makaa. Kila mmoja alionekana kumkumbuka mwanamke wa nyumbani kwake.

— Mathe, hiyo ni mambo ya watu, Waya akasema. Sisi tutajuaje?

— Hajui, Kahiga akasema.

— Wewe Cheti umejuaje hajui? Waya akauliza.

— Sijamwambia.