Jiwe la Kumi na Moja la Mzee Leodgar Ambrosi

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Leodgar Ambrosi alizaliwa Karema tarehe 2 Oktoba 1921, mtoto wa tatu wa mzee Ambrosi na mama Helena, akasoma shule ya misheni huko huko hadi darasa la sita mwaka 1937, na tangu hapo hakuna aliyemweza kwa ubishi.

Mwaka 1942 aliajiriwa zahanati kufunga vidonda, tarehe 7 Januari 1950 akafunga ndoa na Verdiana, wakajaliwa watoto watano, na baada ya mafunzo ya macho mwaka 1959 alizunguka vijiji vya Mpimbwe kwa baiskeli, sanduku la miwani nyuma.

Wengi mnajua ugomvi wake na chama cha wahudumu wa macho. Wenzake walipima kwa bango la herufi, wazee wasiojua kusoma wakanyamaza kwa aibu, wakaandikwa vipofu, miwani wakanyimwa. Marehemu aliweka bango kando, akachukua ungo wa mchele, akatia mawe kumi, akamtaka mgonjwa ayachague. Viongozi walimwita mganga wa jikoni, na mkutano mkuu wa tarehe 18 Mei 1974 ukaitishwa kumfukuza.

Aliingia ukumbini na bibi Natalia wa Mpimbwe, aliyeandikwa kipofu miaka miwili, akamvisha miwani, akamwekea ungo mbele ya meza kuu. Bibi alitoa mawe yote kumi, akaendelea kuchambua, akatoa la kumi na moja, ambalo marehemu mwenyewe hakuliona, kisha akauliza ni nani anayewapikia hawa wakubwa mchele mchafu namna hii. Ukumbi mzima ulicheka hadi machozi, na aliyeitwa kufukuzwa akatoka mwenyekiti, akaongoza miaka minne, na leo kila mwanachama ana ungo wake. Tunajivuna, hatufichi.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 1979, akalazwa hapa Mpanda, akafariki Jumanne tarehe 12 Juni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Shanwe na Kawajense mliotupikia na kulia nasi, na wanachama mliokuja na nyungo zenu, wakiwemo waliotaka kumfukuza.

Jiwe lile la kumi na moja alilitunza miaka mitano, na asubuhi hii mama Verdiana amelitia katika mfuko wa koti tulilomvisha marehemu.

Pumzika kwa amani, Mwenyekiti, jiwe lako unalo.