Jina la Kwanza la Baraka

Mwaka jana Walubengo alisema uongo, na uongo wenyewe ulihusu ng'ombe. Alinunua mtamba kule Sugoi kwa mzee aliyekuwa akiuza mifugo yote ahamie kwa mwanawe, na mtamba huyo aliitwa Rael. Mke wa Walubengo pia anaitwa Rael. Njia nzima ya kurudi nyumbani Munyaka alijiona amesimama uani akifoka, "Rael, songa, wacha mateke," watoto wanasikia na mwenye jina yuko jikoni. Alipofika akasema ng'ombe anaitwa Baraka, na kwamba ndilo jina alilozaliwa nalo. Hilo la mwisho hakuna aliyemuuliza, lilimtoka tu. Jumapili akashiriki meza ya Bwana nalo likiwa moyoni. Na pale kijiweni, kwenye benchi la kahawa, watu walikuwa wakimwita Shemasi kwa vile anavyoombea kila kikombe.

Asubuhi moja mwaka huu Baraka aliamka akilia na kuwapanda ng'ombe wa jirani. Mara mbili joto lake lilikuwa limeshapita bila kupandishwa, na Walubengo hakutaka limponyoke tena. Alimkuta Jepchumba kijiweni, mtungi wake wa baridi miguuni. Jepchumba ni daktari wa AI, yaani anapandisha ng'ombe kwa mbegu badala ya fahali. Siku hiyo alibaki na mbegu za mafahali wawili, Jabali na Shujaa, na wote wawili walikuwa na watoto tele Sugoi. Kabla ya jua kutua ilibidi ajulikane baba yake Baraka, asije akapandishwa na mzazi wake.

Jepchumba hakubabaika. Rekodi zake zote alikuwa ameziweka kwenye seva, akatengeneza API ya kuzitafuta kwa simu.

— Hiyo ndiyo AI mpya? aliuliza Kituyi, fundi wa pampu, ambaye benchi lilimwita Injinia. Wameongeza P ya nini?

— P ni ya pacha, alijibu Elphas. Unapandisha mara moja, unapata wawili.

Elphas analinda geti la chuo kule Kesses, ndiyo maana anaitwa Profesa.

Jepchumba alicheka, akawaeleza polepole. Ni kama dirisha la kioski lenye nondo. Wewe uko nje, rafu huzioni. Unataja unachotaka, wa ndani anatafuta, anakupitishia, au anakuambia hakuna. Rafu ni jedwali la ng'ombe. Dirisha ndiyo API. Na dirisha lake yeye, kwa kuwa alilichonga mwenyewe na alikuwa bado anajifunza, lilielewa vitu viwili tu: jina la ng'ombe na mahali alipozaliwa.

Akaandika Baraka, Sugoi. Simu ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba hakuna.

Hapo benchi likapata kazi. Injinia alisema seva iko ng'ambo, huko saa hizi ni usiku, mwenye ufunguo amelala. Profesa akasema si usingizi, ni wakubwa wameshika data ya ng'ombe wazuri ili wawanunue wao. Injinia akauliza mkubwa gani ana shida na mtamba wa Shemasi. Profesa akasogea karibu, akashusha sauti.

— Huyo ng'ombe hakuzaliwa. Nililiona lori likitoka maabara ya chuo, limefunikwa turubai, na ndani kuna kitu kinacheua. Sasa seva itajuaje mtu ambaye hana mama?

— Na hiyo sauti anayolia ni ya nani? aliuliza Injinia. Ya lori?

Jepchumba hakucheka tena. Juma lililopita alikuwa amelipanga jedwali upya, na sasa alianza kuogopa kwamba amefuta ng'ombe wa watu. Akajaribu ng'ombe mwingine wa Sugoi anayemkumbuka. Jibu likaja palepale, mama na baba. Akashusha pumzi.

— Dirisha liko sawa, alisema. Ni jina ndilo halipo. Shemasi, mzee wa Sugoi hashiki simu. Kama hatujui, mimi sibahatishi. Tungoje joto lingine.

Walubengo alisema sawa. Alisema sawa na huku akizungusha kahawa mkononi bila kuinywa.

Ndipo Njeri akafika na chupa yake kununua kahawa ya kupeleka mazoezini. Njeri anaimba kwaya na Rael, wanakaa kiti kimoja. Alisikiliza kidogo, akauliza kama mtu anayeuliza bei.

— Kwani kabla aletwe huku, alikuwa anaitwa nani?

Injinia alimwangalia Profesa. Profesa akaangalia kikombe. Jepchumba akainua kichwa taratibu, akamgeukia mwenye ng'ombe.

Walubengo aliweka kahawa chini. Akaona ni afadhali aibu ya benchi kuliko kumwacha mnyama wa Mungu apitwe na joto mara ya tatu kwa sababu ya mdomo wake.

— Rael, alisema. Alikuwa anaitwa Rael. Mimi ndiye nilimbadilisha jina, nikadanganya.

Kidole cha Jepchumba kilikuwa kimeshaanza kuandika. Simu ikafikiri, ikajibu: Rael, Sugoi, na chini yake, baba, Shujaa.

— Shujaa ndiye nilikuwa nimemchagua moyoni, alisema Jepchumba. Basi ni Jabali. Twende, jua bado liko.

Walubengo aliinuka kwenye benchi. Injinia alianza kutetemeka mabega, Profesa akamuuliza kama nyumbani akiita Rael wanaitika wawili, benchi lote likaangua kicheko, naye akacheka nao mpaka machozi. Jepchumba akauliza kama abadilishe kwenye jedwali, liwe Baraka. Walubengo akamwambia aache yote mawili, la kwanza na la pili, pasiwe na kitu kilichofichwa tena.

Alibeba mtungi wa Jepchumba begani. Kisha akarudi hatua chache, kwa Njeri, aliyekuwa akifunga chupa yake huku ameuma midomo.

— Dada Njeri, mazoezi ni saa kumi?

— Ndiyo.

— Nakuomba kitu kimoja. Niache nimwambie Rael mimi mwenyewe kwanza.