Neno Moja la Asger Ravnkilde

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kuwachangamsha. Leo tunamkumbuka Asger Ravnkilde, mwanafizikia wa hapa hapa Kopenhagen. Asger, mtoto pekee wa mama Bodil, ametutoka akiwa bado kijana.

Kazi yake ilikuwa kupima chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Wengi wetu tunadhani kipimo hufunua kitu kilichokuwa kimejificha. Asger alikataa. Alisema kipimo ni kama sentensi. Wenzake wakamtania kwamba ameleta kamusi maabarani. Akacheka nao, akaendelea.

Mama Bodil anakumbuka Jumapili moja, wako mezani na mkate mweusi na samaki wa siki. Alimuuliza mwanawe hiyo kazi hasa ni kazi gani. Asger akachukua neno letu dogo la Kidenmaki, nok. Mnalijua. Ni "huenda", na hilo hilo ni "imetosha".

"Mama, likiwa peke yake, nok si huenda wala si imetosha. Maana haikujificha ndani yake. Inakuja ukilitia kwenye sentensi. Na chembe ndiyo hivyo. Kabla hujaipima, jibu halipo."

"Basi hiyo chembe ni baba yako mtupu," mama akamwambia. "Hana jibu mpaka aulizwe mara mbili."

Januari hii Asger alishikwa na homa, kifua kikambana. Mama akampigia simu, akamuuliza kama kifua bado kinauma. Asger akajibu: nok. Narudia, wasikilizaji wapendwa, neno moja tu, nok. Mama akasikia "huenda"; hakufikiria kwamba laweza kuwa "imetosha", yaani siwezi tena. Mtoto ni mtu mzima, na sisi huku hatupendi kuonekana tunaingilia maisha ya mtu. Akamtakia usingizi mwema, akakata simu.

Asubuhi jirani alimkuta amekufa. Homa ilikuwa imeingia kwenye moyo.

"Watu wananiuliza alimaanisha lipi," mama Bodil ameniambia. "Kwa maneno ya mwanangu mwenyewe, lilikuwa bado halijawa lolote. Lilikuwa linangoja nimuulize tena."

Mama Bodil, pole sana. Poleni nyote wa ukoo wa Ravnkilde, na wenzake wa maabara.

Na wewe unayenisikiliza, mwenye mtoto anayeishi peke yake. Mimi ninaye, na usingizi siupati. Leo mpigie. Akikujibu nok, usikate simu. Muulize: nok gani, mwanangu?