Mkate na Chai ya Sukari

Kwa habari ya chakula bora, wilaya nzima ya Iramba haikuwa na wa kumfundisha Chrispin kitu. Alikuwa na kidato cha nne, na akina mama wa kijiji chao cha ujamaa alikuwa amewapa somo yeye mwenyewe. Alijisifu hivyo moyoni ndani ya basi la Kiomboi, mpaka alipowasikia wanawake wawili wa kiti cha mbele, mmoja amempakata mtoto.

“Mwanao mbona nywele zimegeuka nyekundu?” aliuliza mama mtu mzima. “Anakula nini?”

“Mkate na chai ya sukari, mama,” alijibu yule mwenye mtoto. “Nikitoka shamba la kijiji nimechoka, na mkate haupikwi.”

“Asubuhi na jioni?”

“Asubuhi na jioni.”

“Yesu wangu! Na mlenda je? Unachemka mara moja, unatia karanga za kutwanga, ugali haujasongwa mboga tayari!”

“Tuliambiwa mlenda ni wa kizamani.”

“Mwendawazimu gani kasema hivyo?”

Chrispin akaingiza kichwa chote ndani ya gazeti. Habari za bei ya pamba hazijapata kupendwa namna ile.

“Msomi mmoja, mama. Anajua Kiingereza.”

“Kiingereza kinalika? Mtoto anakwisha huyu!”

Basi likasimama penye zahanati. Kondakta akagonga bati. “Mwalimu Chrispin, shusha gazeti, umsaidie mwanafunzi wako wa chakula bora mzigo!”

Wanawake wote wawili wakageuka.

“Shikamoo, mama,” Chrispin akamwamkia yule mtu mzima.

Hakuitikiwa.