Loshoro Juu ya Meza ya Pool

Pale Sombetini, mkabala na fundi pancha, kuna benchi la ubao mmoja ambalo limeshatatua kila tatizo la dunia isipokuwa mguu wake wenyewe unaocheza. Jumamosi hiyo asubuhi Lesian alifika amenuna, akapokea kikombe cha kahawa bila hata kuuliza kama kashata zipo. Wenzake humwita Bingwa, kwa sababu hajawahi kufungwa pool na mtu yeyote mtaani, ukimwondoa mkewe. Na meza yenyewe ni ya mkewe, Resiato, ambaye mtaani huitwa Mama Naisiae. Baa aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa alipewa meza ile kama asante, akaiweka sebuleni, kitambaa chake kijani bila doa. Wiki nzima Resiato alikuwa Nkoaranga akimuuguza mama yake, na leo mchana alikuwa anarudi. Sasa jana jioni Lesian aliwaalika watu wa benchi kula loshoro, mahindi yaliyoungwa maziwa mgando kama wapendavyo watu wa Meru. Wakaona meza ya kulia ni ndogo, wakatandika shuka juu ya meza ya pool na kuweka sufuria. Mzee Ebenezer, mzee wa kanisa, akasimama kuombea chakula, akapanua mikono kama kawaida yake. Sufuria likaenda chali, loshoro ikapenya shuka mpaka kwenye kitambaa.

— Maombi hayamwagi sufuria, alianza Mzee Ebenezer kabla hajalaumiwa. Lile sufuria lilikuwa pembeni mno.

— Lilikuwa katikati, mzee, Lesian akasema.

— Basi meza ndiyo ilikuwa pembeni.

— Tuache lawama, akadakia Lucky, dereva wa bodaboda wanayemwita Gia Tano kwa sababu hata akiongea hapunguzi mwendo. Mgonjwa anaendeleaje?

— Vibaya. Kitambaa nilikisugua kwa maji na sabuni ya kipande. Nikazungusha, nikazungusha, mpaka pakaota manyoya. Asubuhi nimejaribu mpira mmoja. Umekwenda vizuri, ulipofika pale ukakata kona wenyewe.

— Bila indiketa?

— Lucky, sicheki.

— Na mimi sicheki, chalii wangu. Dawa ninayo. Petroli! Siti ya pikipiki yangu ilimwagikiwa supu ya utumbo. Nikapiga petroli. Mpaka leo hainuki supu.

— Inanuka nini?

— Petroli. Lakini petroli siyo doa, bana.

— Na mtu akiwasha jiko sebuleni?

— Hapo sasa doa linatoka jumla. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakutaja petroli.

Mzee Ebenezer alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyesoma.

— Kitambaa ni kitambaa. Joho la kwaya likichafuka tunaliloweka kwenye magadi, likikauka linapigwa pasi ya mkaa. Kitoe, ukiloweke.

— Hakitoki, mzee. Kimewambwa na kubanwa kwa chini.

— Basi loweka meza.



— Kwenye nini, mzee? Lesian akauliza.

— Mito iko. Subira huvuta heri. Ikae mtoni mpaka Jumatatu.

— Resiato anarudi leo!

— Hapo ndipo imani yako inapopimwa.

Aliyefuata alikuwa Koikai. Huyu ndiye Daktari wa kijiwe. Anauza dawa za mifugo, na cheo alijipa mwenyewe baada ya mbuzi wawili kupona mfululizo. Alimaliza kahawa yake, akakung'uta kikombe.

— Ero, jamani, nyie mnatibu ugonjwa msioujua. Kile kitambaa ni nini? Sufu. Sufu ni nini? Kondoo. Kwa hiyo mgonjwa wetu ni kondoo.

— Kondoo wa kijani, Lucky akasema.

— Rangi haibadilishi kabila. Sasa kondoo akimwagikiwa maziwa haoshwi. Analambwa. Nyumbani nina ndama mmoja, ulimi wake kama brashi. Tunapandisha ndama mezani, tunanyunyiza chumvi palipomwagika, anafanya kazi. Na ndama hazungushi kama wewe, Bingwa. Analamba kwenda mbele tu. Mkono mtupu haulambwi, ndiyo maana nikasema chumvi.

— Na ndama akijisaidia? Lesian akauliza.

— Ile meza ina mashimo sita. Unafikiri ya nini?

Lucky nusura apaliwe. Mzee Ebenezer, ambaye sikukuu zote huhubiri dhidi ya pool, aliuliza kwa umakini kama ndama awe dume au jike.

— Yeyote. Akimaliza, tunakibandua kitambaa, tunakiwamba juani kwa vigingi. Ngozi ivute ingali maji!

— Kikivutika sana kikazidi meza?

— Mama Naisiae anapata meza kubwa zaidi. Mwanamke gani atakataa?

Kilichomtisha Lesian ni kwamba alianza kuona mantiki ya Koikai. Alijikuta anapima kichwani kama ndama atapita mlangoni. Ndipo aibu ikamshika. Resiato si mtu wa kufoka. Angeweka begi chini, aiangalie meza, aingie jikoni, na nyumba ingepoa wiki nzima. Mwenzake alikuwa akimgeuza mama mgonjwa kitandani, na yeye huku amegeuza furaha pekee ya mkewe kuwa meza ya loshoro. Alijichukia.

— Shikamooni wazee.

Alikuwa Nelson, mpangaji mpya aliyehamia kutoka Moshono, ameleta baiskeli kuzibwa pancha. Wakamwitikia, wakamsogezea nafasi, na kwa kuwa mgeni hanyimwi habari wakamsimulia yote, toka sala mpaka ndama. Nelson alisikiliza kwa adabu, kikombe mkononi.

— Poleni sana. Hiyo meza ina muda gani nyumbani?

— Mwaka wa sita huu, Lesian akajibu.

— Na watu wanacheza?

— Kila siku! Lucky akasema. Chaki, vumbi, vijana wanaegemea na mikono yao ya mafuta.

— Lakini ilikuwa safi?

— Kama imetoka kiwandani, Mzee Ebenezer akathibitisha. Mimi si mshabiki, ila nimeiona.

— Sasa Mama Naisiae huwa anaisafishaje?

Koikai alichungulia kikombe ambacho alishakimaliza zamani. Mzee Ebenezer akageukia Mlima Meru kama vile jibu lingeshuka kutoka kule. Wote wakaishia kumtazama Lesian.

— Sijui, Lesian akasema.

Alijitahidi kukumbuka. Kila Jumamosi, yeye akiwa bado kitandani, ilikuwa inasikika sauti sebuleni: shwaa, kimya, shwaa, kimya, taratibu, upande mmoja tu. Miaka yote hiyo alidhani mkewe anafagia mkeka. Leo ndipo alipokumbuka kwamba sebule yao haina mkeka, ina meza. Moyo ulimuuma kweli. Alitoa simu akapiga, na kwa kuwa spika ya sikioni ilikufa siku nyingi, alilazimika kuongea wote wakisikia.

— Mama Naisiae, mama anaendeleaje?

— Ameamka, amekunywa uji. Niko njiani.

— Ashukuriwe Mungu. Samahani... hivi ile meza yako huwa unaisafishaje?

Simuni ikasikika injini, na kuku wa abiria fulani.

— Baba Naisiae, Resiato akasema polepole, mmemwaga nini?

Lesian aliinua macho. Mzee Ebenezer alikuwa anakagua kifungo cha koti lake kwa bidii kubwa.

— Loshoro. Nimemwaga mimi, mke wangu. Na nikaiharibu zaidi kwa kuiosha.

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu kusema jambo pale benchini na kukosa wa kumbishia.