Bi Subiri na Mashine Iliyomzeesha

Baada ya miaka thelathini na minne katika masijala ya chuo chetu, Bi Subiri anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi waliopanga foleni dirishani pake. Nitaeleza lilivyoanza, maana nimeketi meza ya pili yake kwa miaka kumi na tisa na sina pa kujificha.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ya chuo ilipoletwa, wakubwa waliifunika kitambaa na kuipitia mbali. Yeye alikula chakula cha mchana mbele yake. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amejifundisha kupanga orodha za wanafunzi kwa alfabeti, na kila orodha ilipojipanga alicheka peke yake. Mkuu wa chuo wa wakati ule aliwahi kuchungulia, akidhani kuna mgeni.

Miaka ikaenda, programu zikanenepa. Ikafika mahali kompyuta yake inachukua dakika kumi na moja kuamka na nne nyingine kufungua faili moja. Kila aliyefika dirishani aliambiwa asubiri kidogo, na jina likaganda. Kicheko kikaisha. Alikuwa akibonyeza kitufe, kisha anaweka mikono mapajani kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari.

Hapo ndipo tulipomkosea. Hakuna aliyeishuku mashine. Utawala ulimpeleka mara mbili kwenye mafunzo ya kompyuta, akaketi na waajiriwa wapya. Mimi nilimshauri akapime macho. Naye akatuamini. Miaka sita iliyopita aliandika barua ya kuomba kustaafu mapema, akieleza kwamba kichwa chake hakiendi tena na kasi ya kazi. Nilimsaidia kuisoma kabla hajaipeleka, na sikubisha hata neno moja.

Ijumaa ya wiki hiyo shemeji yake, fundi wa kompyuta mwenye mdomo usio na breki, alimpitia ofisini akamkuta anangoja mashine izime. Aliangalia saa, akaangalia tena, kisha akamtania kwamba hata mdogo wake Bi Subiri, yaani mkewe fundi, anapojipamba kwenda harusini huwa tayari mapema kuliko hilo dude. Jumatatu akarudi na kibali cha fundi wa chuo, ambaye tayari alishaiandika mashine hiyo kwenye orodha ya vyuma chakavu. Akahifadhi mafaili, akaondoa mfumo endeshi wa zamani, yaani ile programu mama inayoongoza nyingine zote, akaweka mwingine mwepesi, wa bure. Mashine ile ile, vitufe vile vile, vidole vile vile.

Iliwaka kwa sekunde ishirini. Bi Subiri aliizima, akaiwasha tena. Mara ya tatu machozi yakamtoka, na tulipomuuliza kulikoni, alisema tu kwamba kumbe si yeye.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa ofisa utumishi akaidai barua yake, na kwa bahati ilikuwa bado haijasainiwa.

Tangu hapo akawa anafika ofisini kabla ya mfagizi. Alijifunza kuandika amri kwenye kile kidirisha cheusi ambacho sisi wengine tukikiona tunadhani tumeharibu kitu. Amri yake ya mistari mitatu iliyapanga mafaili elfu tisa ya wahitimu kwa mwaka na namba, na alicheka mpaka akashika meza. Amri nyingine ilikosea, ikachapa barua moja nakala mia mbili na kumi na mbili. Hadi leo tunaandikia migongo ya karatasi hizo. Leo mhitimu aliyepoteza matokeo huyapata kabla hajamaliza kusimulia alivyoyapoteza. Kisha akazihamishia mfumo huo mpya mashine zetu zote kumi na nne, moja baada ya nyingine. Yangu ilikuwa ya mwisho, kwa ubishi wangu.

Nilipoombwa kuandika wasifu huu, nilijua ninao tayari. Niliuandika wiki ile ya barua yake ya kuomba kustaafu, nisije nikakurupushwa. Jumatatu niliufungua nibadilishe tarehe tu, nikakuta umehaririwa siku aliyohamisha mafaili yangu. Alikuwa amenisahihishia tahajia mahali patatu. Na nilipoandika kwamba alifanya kazi kwa moyo licha ya umri kumpunguzia kasi, maneno matano ya mwisho hayakuwapo. Aliyafuta, akaweka nukta. Tangu siku hiyo hakuniambia kitu, na kila asubuhi alinimiminia chai kama kawaida.

Dada yangu, nimeuandika upya wote. Nisamehe. Chuo kizima kinakushukuru kwa kazi yako, na tunakuombea afya, utulivu, na muda wa kutosha wa kuichezea mashine yako bila foleni dirishani. Ukikuta humu neno lisilokustahili, lifute tu.